Seli Ambazo Hazikuwa za Asekenye

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya Tororo, Mzee Othieno alinipa ini la mbuzi. Alikuwa amelinunua asubuhi kwa muuza nyama. Nusu aliifunga kwenye gazeti arudi nayo nyumbani kwake Nabuyoga, nusu ya pili akanisukumia mezani.

"Huyu ndiye mgonjwa wako," akasema. "Ukimharibu, hakuna mtu atalia."

Nimestaafu mwezi uliopita. Wenzangu vijana waliniomba niwaandikie habari za kazi yangu, na mmoja akapendekeza nianze na vyeo. Vyeo nilivipata, na mtu yeyote angevipata kama angekaa mahali pamoja muda niliokaa mimi. Nitaandika mambo mengine.

Kwa wiki sita nilikata ini. Unaliloweka kwenye formalini lisioze, unalikausha maji kwa pombe kali, unalizamisha kwenye nta iliyoyeyuka, unaliacha ligande. Ukimaliza una kipande cha nta chenye nyama ndani, kidogo kuliko kiberiti. Hicho tunakiita kitalu. Unakifunga kwenye mashine ya kukatia, unazungusha mkono wa mashine, na vipande vinatoka vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Unaviacha vielee kwenye maji ya vuguvugu na kuvichota kwa kioo. Vyangu vilitoka vimechanika, vimejikunja, au havikutoka kabisa. Mzee Othieno alisimama nyuma yangu, akisikiliza sauti ya kisu. Kisu butu kinalalamika kabla hakijaharibu, na yeye alikisikia kutoka chumba cha pili.

Alikuwa fundi mkuu, Mjapadhola mrefu mwenye suruali ya kaki iliyopigwa pasi hadi magotini, kwa maana kutoka magotini kwenda chini koti la maabara lilikuwa halifiki na madawa yalikuwa yameshaila. Alinifundisha mambo mawili ambayo sikuyakuta katika kitabu chochote. La kwanza, usitupe kitalu cha nta hata kama mgonjwa amekufa na daktari amehama. Alikuwa na kabati la mbao lililojaa vitalu vya miaka na miaka, kila kimoja na namba yake kwa wino mweusi. La pili lilihusu daftari. "Andika ulichofanya," aliniambia. "Usiandike ulichotakiwa kufanya. Hizo ni daftari mbili tofauti, na ile ya pili wako nayo watu wengi."

Daktari Awino alikuja miaka mingi baadaye. Alikuwa Mjaluo wa upande wa Kenya, amesomea mbali, na alileta mradi wa kuchunguza vinasaba vya uvimbe wa ubongo. Swali lake lilikuwa fupi: kwa nini seli hizi hazijui kuacha kukua? Alitueleza siku ya kwanza, mimi na Mzee Othieno na mfagiaji ambaye alikuwa amekuja kuchukua ndoo akabaki kusikiliza. Seli ya kawaida, alisema, ikiguswa na jirani zake pande zote inanyamaza, inajua nafasi imejaa. Ndani yake kuna jeni zinazoisukuma ijigawe na jeni zinazoishika breki. Breki ikikatika, seli inajigawa hata mahali pasipo na nafasi. Na ndani ya fuvu hapana nafasi.

"Kwa hiyo haina adabu," Mzee Othieno akasema.

"Haina adabu, Mzee. Tunataka kujua nani hakuifundisha."

Nilipewa kazi ya kulea seli. Neno ni hilo hilo, kulea. Kipande cha uvimbe kinafika kikiwa kibichi kwenye barafu, unakikatakata, unakiweka kwenye chupa bapa yenye chakula cha maji ya rangi ya waridi, unaingiza chupa kwenye kabati la joto linaloshika joto la mwili wa binadamu. Kila baada ya siku mbili tatu unabadilisha chakula. Maji yakigeuka manjano ujue seli zimeshiba na kuchafua, au bakteria wameingia na kazi yako imekwisha. Nimezaa watoto wanne kule Masaba, na hakuna hata mmoja aliyenisumbua kama chupa hizo. Watoto walilala wakati mwingine. Seli hazijui Krismasi.

Ili kuzihifadhi tulihitaji nitrojeni ya maji, baridi kali kupita friza yoyote, na ile tuliyoipata ilitoka upande wa Kenya. Mara ya kwanza nilipovuka nayo mpakani Busia, ofisa mmoja kijana aligonga mtungi kwa kalamu.

"Madam, hii ni nini umebeba?"

"Nitrojeni."

"Nitro gani? Fungua nione."

"Afande, ni baridi tu. Hakuna kitu cha kuona."

"Fungua."

Nikafungua. Moshi mweupe ukamwagika ukafunika meza yake, karatasi zake na viatu vyake. Wanawake waliokuwa nyuma yangu na mizigo ya mitumba walitawanyika. "Funga! Funga, madam, pita, enda!" Tangu siku hiyo sikuombwa tena kufungua. Nawaambia hivi kwa sababu fomu tulizojaziwa na mradi zilikuwa kurasa kumi na moja na hazikuwahi kunisaidia kiasi hicho.

Seli za kwanza nilizozilea hazikuwa za mgonjwa wetu. Zilitoka katika maabara nyingine, za uvimbe wa ubongo wa mtu mzima wa nchi ya mbali aliyefariki zamani. Seli hizo hazifi. Watafiti wanagawiana kama mbegu. Tuliziita wageni. Zilikuwa za kujifunzia na za kulinganishia, nazo zilikua kwa pupa. Ukizigawa leo, keshokutwa zimejaa chupa.

Halafu akaja Asekenye.

Alikuwa na miaka tisa, wa Merikit, mtoto wa pili wa mwanamke tuliyemwita Mama Amoding kwa jina la bintiye mkubwa. Kichwa kilimuuma asubuhi, alitapika bila kula, na alianza kutembea kama mlevi hadi wenzake shuleni wakamcheka. Alipelekwa hospitali kubwa akapasuliwa. Mama alikubali kipande cha uvimbe kije kwenye utafiti, akatoa na damu yake mwenyewe, akaweka kidole gumba kwenye fomu. Fomu iliuliza kama ndugu wa mgonjwa wana ugonjwa wowote. Akajibu ukweli: ndugu yake ni Amoding, na Amoding ni mzima. Hakuna aliyeuliza habari za ndugu wa mama mwenyewe.

Kipande kilichotufikia kilikuwa kama punje ya harage. Nusu Mzee Othieno aliiweka kwenye nta. Ilikuwa moja ya kazi zake za mwisho kabla hajastaafu. Nusu nikaiweka kwenye chupa na kuiandika A. Seli zilishika taratibu sana, moja hapa, moja pale. Asekenye alifariki baada ya miezi minne.

Wiki tatu baada ya maziko, mama yake alikuja maabara peke yake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkulima wa mtama na mihogo, na Kiswahili chake alikipata sokoni Malaba akiuza ufuta.

"Musawo," akaniambia, jina ambalo huku kwetu anaitwa kila mtu wa hospitali, hata mfagiaji. "Ile kitu mlitoa kwa kichwa ya mtoto, iko wapi? Nimezika yeye bila hiyo. Inanisumbua."

Ningeweza kumwambia aende kwa Daktari. Nilimwambia ukweli nilioujua: ipo, iko hai, inakua.

"Hai?"

"Hai, Mama. Ni seli tu, si mtoto. Lakini ziko hai."

"Nataka kuona."

Daktari Awino alifikiri kidogo, akaruhusu. Niliweka chupa chini ya hadubini, nikamrekebishia kioo. Mama Amoding aliinama, akakaa hivyo kitambo kirefu. Kisha akasema kwa Kiteso, polepole, kama mtu anayebisha hodi: "Yoga, Asekenye."

Yoga ni salamu tu. Akanyoosha mgongo, akatushukuru, akaenda zake.

Baada ya hapo alikuja kila alipofika Tororo, mara moja kwa miezi miwili, mitatu. Hakuwa na maswali. Alivua kandambili mlangoni, ingawa hakuna aliyemwomba, akasalimu chupa, akaondoka. Nilizoea kumwandalia chupa yenye seli nzuri. Siku moja aliniambia zinafanana na samaki wadogo. Siku nyingine akasema, "Ameongezeka." Nikasema ndiyo, ameongezeka.

Katika mwaka wa pili A iliongezeka kweli. Zamani nilikuwa naigawa mara moja kwa mwezi. Sasa ilinibidi kila siku tatu. Daktari Awino alifurahi sana. Seli za uvimbe wa mtoto kutoka eneo letu, zinazokua zenyewe, ni kitu ambacho wengi walikitafuta. Tulizifanyia majaribio ya madawa, tukapima jeni zinazosukuma, yeye akaanza kuandika makala na kuandaa hotuba ya mkutano. Mimi nilikuwa naangalia umbo. Seli za A zilikuwa nyembamba, zenye mikia mirefu. Sasa zilikuwa nene, zimebanana. Nilijua mahali nilipoziona, maana nilizilisha kila wiki katika rafu ya chini, rafu ya wageni.

Nilitoa madaftari yangu yote, nikasoma alasiri tatu mfululizo. Nililipata kosa kwenye ukurasa mmoja wenye doa la chakula cha waridi, kwa mwandiko wangu wa haraka: *Umeme umekatika. Jenereta imekataa. Nimelisha A na wageni kwa chupa moja ya chakula.*

Sheria ya kwanza ya kulea seli ni kila aina na chupa yake ya chakula. Nilikuwa nawafundisha wengine sheria hiyo. Siku ile nilikuwa na haraka, joto la kabati lilikuwa linashuka, nikatumia chupa moja. Tone moja lenye seli chache za wageni liliingia kwenye A na kutosha. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wanasema wahenga; hawa walijipa jembe wenyewe wakalima shamba lote, na mwenye shamba akafa kwa kukosa nafasi.

Jumamosi nilikwenda Nabuyoga. Mzee Othieno alikuwa anapalilia karanga zake. Nilimweleza kila kitu hapo hapo kwenye matuta.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Umeniletea swali, ama umeniletea jibu?"

"Jibu, Mzee."

"Basi umekosea nyumba. Peleka kwa mwenyewe."

Jumatatu asubuhi nilifungua daftari mbele ya Daktari Awino na kuweka kidole kwenye mstari. Alisoma. Akasoma tena. Alivua miwani, akaisafisha kwa pindo la koti, akaivaa.

"Getruda, unajua tumepoteza nini?"

"Miaka miwili, Daktari."

"Na makala. Na mkutano." "Ungeweza kurarua huu ukurasa."

"Ningeweza."

"Mbona hukurarua?"

Nilisema kurasa zina namba. Alicheka kidogo, kicheko kibaya, kisha akaanza kazi. Tulihitaji ushahidi, si mawazo yangu. Tulituma vitu vitatu kwenye maabara kubwa upande wa Kenya: seli za A, vipande kutoka kitalu cha nta cha Asekenye kilichokuwa kwenye kabati la Mzee, na damu ya mama iliyokuwa kwenye friza tangu mwanzo. Na kwa kuwa sampuli zilikuwa zinakwenda huko huko, Daktari aliomba wazisome pia jeni zile tulizokuwa tunazifuatilia.

Majibu yalikuja katika karatasi tatu. Daktari aliniita ofisini, akafunga mlango, akazipanga mezani.

Ya kwanza ilisema seli za A zote ni wageni. Hapakuwa na Asekenye hata chembe.

Ya pili ilisema kitalu cha nta ni cha Asekenye, na katika uvimbe wake jeni moja ya breki imeharibika, ile ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli iliyoumia isijigawe.

Ya tatu sikuielewa mara moja. Daktari aliisukuma karibu na ile ya pili, akaniwekea kalamu chini ya mistari miwili. Kosa lilikuwa lile lile, mahali pale pale. Lakini hii haikuwa karatasi ya uvimbe. Ilikuwa ya damu ya mama.

"Amezaliwa nalo," Daktari akasema. "Alimrithisha Asekenye. Linaweza kumletea saratani yeye mwenyewe, ya matiti hasa. Na Amoding ana nusu kwa nusu ya kuwa nalo."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa hakuna chombo wala kipimo cha kuwasaidia. Fomu aliyoweka kidole gumba ilisema majibu ya utafiti hayarudishwi kwa mtu. Mstari huo uliwekwa na watu wenye akili kwa sababu nzuri: maabara ya utafiti inakosea, na sisi tulikuwa tumetoka kuthibitisha hivyo. Daktari Awino aliandikia kamati ya maadili kuomba ruhusa. Kamati ikajibu kwamba itakaa. Ikakaa, ikauliza maswali, ikataka damu iliyobaki kwenye friza ipimwe upya na maabara ya hospitali kabla ya uamuzi wowote, ikakaa tena. Ilichukua miezi mitano.

Katikati ya miezi hiyo Mama Amoding alikuja kusalimu. Alivua kandambili. Nilimwambia hadubini imeharibika. Katika miaka yote ya kazi huo ndio uongo pekee niliomwambia mtu wa mgonjwa, na alinijibu, "Pole, Musawo," akanipa mfuko wa ufuta. Nilimwangalia akienda na nikawa najiuliza kama kuna uvimbe unakua chini ya blauzi ile wakati kamati inatafuta siku ya kukaa. Niliandika barua ya pili kwa kamati mchana huo, kwa mkono wangu, bila adabu ya kutosha. Daktari aliisoma, akarekebisha sentensi mbili, akaituma.

Ruhusa ilipokuja tulikwenda Merikit wote wawili. Mama alitukaribisha nyuma ya nyumba, akatandika mkeka, akaleta viti kutoka kwa jirani, akakaa yeye kwenye mkeka. Daktari alinitazama. Tulikuwa tumekubaliana kwamba la seli ni langu.

"Mama Amoding," nikasema, "zile seli ulikuwa unasalimia. Mwanzo zilikuwa za Asekenye. Halafu mimi nilikosea. Nilichanganya na za mtu mwingine, na zile za mtu mwingine zikamaliza za Asekenye. Muda mrefu umekuwa unasalimia seli ambazo si zake. Kosa ni langu mimi, si la mwingine."

Kuku alipita kwenye mkeka, akamfukuza kwa mkono.

"Hiyo nilikuwa nasalimia," akasema mwisho, "ni mtoto ya nani?"

"Si mtoto. Ni mtu mzima, wa nchi ya mbali. Alikufa zamani."

"Ako na watu wake?"

"Lazima alikuwa nao."

"Wanajua iko hapa Tororo?"

"Sidhani, Mama."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi si vibaya. Amesalimiwa." Kisha sauti yake ikabadilika. "Na Asekenye? Hakuna kitu imebaki?"

"Kipo. Kipande kidogo kwenye nta. Hicho ni chake kabisa, tumepima. Lakini hakikui. Kimekaa tu."

"Nzuri ikae tu," akasema. "Mtoto alikuwa amechoka."

Nimefanya kazi na watu waliosoma sana, na sijasikia mtu akilipokea kosa la mwenzake namna ile. Hakunisamehe kwa maneno. Alisimama, akaleta maji ya kunawa, akatupa karanga za kuchemsha, na tukala kabla ya habari ya pili, maana alisema ameona uso wa Daktari na anajua haijaisha.

Daktari alimweleza. Alitumia mfano wa breki ya baiskeli. Alipomaliza, Mama Amoding alianza kuhesabu kwa vidole. Dada yake mkubwa, titi, alikufa akiwa na mtoto mchanga. Kaka yake, mfupa wa mguu, akiwa bado kijana. Mama yake mzazi, tumboni, hawakujua ni nini. "Walisema mtu amefunga ukoo wetu," akasema. "Mama yangu alienda kwa waganga mpaka akauza ng'ombe zote. Na ni hii?"

"Ni hii, Mama. Hakuna mtu aliyewafunga."

"Kuna mke wa mjomba tuliacha kuongea na yeye," akasema. "Amezeeka sasa. Ako hapo ng'ambo ya mto." Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alilia.

Hospitalini walimkuta na uvimbe kwenye titi la kushoto, mdogo kama karanga. Hakuwa ameuhisi. Walilitoa titi lote na kuepuka mionzi, kwa kuwa kwa watu wenye kosa lile mionzi yenyewe inaweza kuzaa mengine. Hilo wasingelijua bila karatasi yetu. Alipona. Hana uhakika wa kesho, anachunguzwa kila mwaka, na wiki aliyotoka wodini alivuka mto na kuku wawili kwenda kwa mke wa mjomba. Sijui walisemezana nini.

Daktari Awino alifuta hotuba yake. Badala yake aliandika makala fupi kuhusu jinsi seli zetu zilivyomezwa na wageni, na akaweka jina langu humo kwa idhini yangu. Haikumpa sifa. Maabara mbili zilituandikia kwamba zimekagua chupa zao na kukuta yale yale. Chupa zote za A niliziua mwenyewe kwa dawa ya klorini. Kazi hiyo ilichukua chini ya saa moja.

Aliyebaki ni Amoding. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, anauza mitumba Busia, anavuka mpaka kwenda na kurudi kila siku. Alikataa kupimwa. Mshauri wa hospitali alimweleza haki yake ya kutojua, na sisi tulimwacha. Mwaka ukapita. Akazaa mtoto wa kike. Kisha, katika wiki zangu za mwisho kazini, akatokea mlangoni na mtoto mgongoni.

"Wewe ndiye ulichanganya?" akauliza.

"Ni mimi."

"Basi nataka wewe unitoe damu. Mtu ashakosea mara moja ataangalia."

Nilimtoa damu. Sheria ilitaka ipimwe na maabara ya hospitali, na ilipimwa huko. Nilichofanya ni kuandika jina mbele yake, kumpa alisome, kumsindikizia sampuli mpaka ikapokelewa. Majibu yalipokuja, mshauri alitaka niwepo, na Amoding alitaka niwepo. Daktari Awino aliyasoma kwa sauti. Kosa halikuwemo.

Nilidhani atacheka au atalia. Alikunja uso. "Kwa nini mimi sina na Asekenye alikuwa nayo? Alifanya nini?"

"Hakufanya kitu," Daktari akasema. "Mama alikuwa na jeni mbili, nzima na mbovu. Kila mtoto anapewa moja. Wewe ulipewa nzima."

"Bahati tu?"

"Bahati tu."

Amoding akamgeuza mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani, akamtazama. "Na huyu?"

"Kwako hawezi kuipata. Kitu usichokuwa nacho huwezi kumrithisha."

Akatoa simu, akampigia mama yake Merikit. Walizungumza Kiteso, haraka, na sikufuata. Kisha Amoding akaninyooshea simu. "Anataka wewe."

"Musawo," sauti ya Mama Amoding ikasema. Nyuma yake nilisikia mtu anatwanga kinuni. "Umeangalia vizuri? Hii damu ni yake? Si ya mtu mwingine?"

"Ni yake, Mama. Nilitoa mimi, niliandika jina yeye akiona, niliisindikiza mimi mpaka mwisho. Wamepima mara mbili. Daktari amesoma, mimi nimesoma."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

Kule kinu kikanyamaza.

"Haya," akasema. "Basi mpe chakula. Ametoka kwake asubuhi bila kula, namjua."

Nikampeleka kantini. Nilimshika mtoto, yeye akala kalo, ugali wa wimbi, na samaki, sahani mbili.